Kudhibiti magugu na mwani kwenye ukingo wa Ziwa Kenyatta

Mwenye shamba linalopakana na Ziwa Kenyatta, hapa Mpeketoni katika Kaunti ya Lamu, Kenya, hulitambua tatizo siku ambayo ndoo haizami tena mpaka majani yatengwe kwa mkono. Wengi wetu hapo hukimbilia panga. Nawasihi tuutambue kwanza mmea wenyewe, kwa sababu namna ya kuuangamiza mmoja ndiyo namna ya kuueneza mwingine.

Matete na mafunjo yaliyosimama ukingoni si adui. Yanashika udongo usimomonyoke, yanachuja maji yatokayo mashambani, na ndani yake samaki wadogo hujificha. Fungua njia moja tu ya kuchotea maji na kuingizia mtumbwi, yenye upana wa meta 2 au 3, na kwingine uyaache. Katika njia hiyo kata kwa mundu shubiri moja au mbili chini ya uso wa maji: tete lililokatwa juu ya maji huendelea kuvuta hewa kwa kikonyo na kuchipua, lakini likikatwa chini ya maji, kikonyo hujaa maji na mara nyingi mzizi huoza.

Mimea iliyozama, ile yenye nyuzi laini zinazozingira kasia, haifai kukatwa hata kidogo, maana kila kipande kinachoelea huweza kuota mahali pengine. Ivute kwa reki ya mpini mrefu, taratibu, itoke pamoja na mizizi, huku mwenzako akikusanya vipande kwa wavu mdogo.

Likiingia gugu maji, lile la maua ya zambarau na vikonyo vilivyovimba kama mapovu, usingoje wiki ya pili. Katika joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka mingi, hivyo ziwa likinywea wakati wa kiangazi kisha likajaa tena, huota upya. Hapa upepo ni msaidizi mkubwa. Kaskazi huyasukuma majani yaeleayo kuelekea upande wa kusini-magharibi, na kusi huyarudisha upande wa kaskazini. Fanyeni kazi pale upepo ulipoyarundika. Fungeni madumu matupu kwenye kamba ndefu, watu wawili wayazungushe magugu na kuyavuta ufukoni kama wavuvi wavutavyo juya. Kamba hiyo iondolewe kazi ikiisha. Msitumie wavu wa kutega, kwani hunasa ndege na samaki hata baada ya watu kuondoka.

Kazi nzito zaidi ni kubeba. Gugu maji kwa sehemu kubwa ni maji matupu, kwa hiyo lipindue mizizi juu, lianikwe siku tatu au nne, ndipo lipakiwe kwenye toroli. Mwaka mmoja nilirundika magugu hatua chache tu kutoka ukingoni, nikaridhika. Masika yalipoingia maji yalipanda, yakayachukua yote, na juhudi ya wiki mbili ikarudi ziwani mbele ya macho yangu. Tangu hapo huyapeleka juu ya alama ya mafuriko, nikayachanganya na samadi na majani makavu katika lundo la kimo cha kifua. Chomeka kijiti katikati ya lundo: kikitoka cha moto hata usiweze kukishika kwa utulivu, mboji inaiva na mbegu zinakufa.

Usisafishe eneo lote kwa siku moja. Mimea mingi ikifa na kuoza majini kwa pamoja, hewa iliyoyeyuka katika maji huisha, na alfajiri utawaona samaki wakihema juu ya uso wa maji. Theluthi moja kwa awamu inatosha.

Mwani unahitaji uangalifu wa namna yake. Chovya kijiti: ukining'inia kama nywele, ni mwani wa nyuzi, nao huzolewa kwa reki. Lakini maji yakionekana kana kwamba rangi ya kijani imemwagwa, yajaze katika chupa angavu na uiache usiku kucha bila kuitikisa. Utando ukipanda na kukaa juu, yaelekea ni sainobakteria, yaani bakteria wa majini wanaofanana na mwani, ambao baadhi yao hutoa sumu inayoua mifugo. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Waondoe ng'ombe hapo, watoto wasiogelee, na maji yasinywewe. Usitie mrututu (salfeti ya shaba) wala sumu ya magugu: mrututu huua samaki na hupasua chembe za mwani zikamwaga sumu zaidi majini, na tusisahau kwamba visima vyetu hupata maji kutoka ardhi hii hii.

Chakula cha magugu haya yote kwa kiasi kikubwa hutoka kwetu. Mbolea ya mahindi iliyotiwa siku moja kabla ya mvua kubwa, samadi ya zizi lililo kwenye mteremko, choo kilicho karibu na maji na povu la sabuni la wanaofulia ukingoni, yote huishia ziwani. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mito na vijito, ndani ya ukanda usiopungua meta 6 na unaoweza kufika meta 30 kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko; ziwani nako tuache ukanda kama huo. Achia ukanda huo nyasi na miti, chimba makinga maji ya kukatiza mteremko juu yake, na uwanyweshe ng'ombe kwenye hori mbali na ziwa.

Kuhusu usalama, viboko hutoka usiku kula nyasi na kurejea majini alfajiri, basi usiwe ukingoni wakati wa magharibi wala mapambazuko, na usizibe njia zao. Vimelea vya kichocho nao hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, kwa hiyo saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio wakati unaofaa, ukiwa umevaa buti ndefu za mpira na glavu.

Wakati mzuri wa kuanza ni Februari na Machi, maji yakiwa yamepungua. Baada ya masika tembea ukingoni kila wiki ukiwa na ndoo, na kila chipukizi la gugu maji unaloliona uling'oe kwa mkono siku hiyo hiyo.