Dawa za degedege: soma kwa mikono, siyo kwa kukariri desa

Kama uko nesi mwaka wa pili na umefungua desa la dawa za mfumo wa fahamu ukakuta majina yote yanafanana, lifunge kwanza. Mimi nilikariri yote na supu (mtihani wa marudio) nikala, maana makundi ya dawa nilikuwa nayajua ila nikiulizwa mgonjwa amepata degedege mbele yako unashika nini, nabaki nakodoa macho tu. Siku hizi kila dawa naiandikia kikaratasi chenye maswali matatu, inashika wapi, inaua vipi, na nakagua nini kabla sijadunga. Anza na diazepamu, fenitoini na magnesiamu, hizo wodini hutazikwepa.

Diazepamu inafanya kazi kwenye breki ya ubongo. Breki hiyo ni kemikali inaitwa GABA, ikikaa kwenye kipokezi chake mlango wa kloridi unafunguka na seli inatulia. Diazepamu inafanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi, fenobabitoni, dawa nyingine ya degedege, yenyewe inafanya ukae wazi muda mrefu, yani mmoja anabisha hodi kila saa, mwingine kaweka jiwe mlangoni. Hapo ndo utaelewa kwa nini fenobabitoni ikizidi ni balaa zaidi, na haina dawa ya kuizima kama diazepamu ilivyo na flumazenili.

Sasa mikono. Ampuli ya kawaida ni miligramu 10 kwenye mililita 2. Kwa mtu mzima unaidunga kwenye mshipa isizidi miligramu 5 kwa dakika, kwahiyo 10 zinakula dakika mbili nzima hata kama ndugu wanapiga kelele sista fanya haraka. Hesabu pumzi, ambu (mfuko wa kumpumulishia mgonjwa) iwe karibu, usiichanganye na dawa nyingine kwenye sirinji moja. Kwenye msuli usihangaike, inafyonzwa kwa kubahatisha. Mtoto asiye na laini ya mshipa anawekewa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, so wa kilo 12 anapata miligramu 6 ambayo ni mililita 1.2. Na mpime sukari jamani, mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa anadegedeka kwa sababu sukari imeshuka na wewe unamrundikia diazepamu.

Fenitoini haina habari na GABA, inaziba njia za sodiamu ili seli isifyatue mfululizo. Hii weka kwenye salini (dripu ya chumvi) tu, ukiiweka kwenye dekstrozi (dripu ya sukari) inaganda chembechembe. Isizidi miligramu 50 kwa dakika, maana ikienda kasi presha inaanguka na moyo unapoteza mpangilio. Mtu wa kilo 60 akiandikiwa miligramu 20 kwa kilo ni 1200, gawa kwa 50, dakika 24 uko hapo na mashine ya presha. Anayemeza vidonge vyake muda mrefu mwangalie ufizi, huwa unavimba.

Magnesiamu ndo ninayoiogopa na kuiheshimu. Ni ya kifafa cha mimba. Ampuli nyingi ni asilimia 50, gramu 5 kwenye mililita 10, ila soma lebo kila mara. Kuanza ni gramu 4 kwenye mshipa: vuta mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12, unapata 20 za asilimia 20, dunga taratibu isipungue dakika 5. Halafu gramu 5 kila tako, pamoja na lignokeni (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 mililita 1 kwa kila sindano maana inauma vibaya mno. Baada ya hapo gramu 5 kila masaa 4 kwa kubadilisha tako, mpaka masaa 24 yapite tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, unahesabu kuanzia lile lililotokea nyuma ya mwenzake.

Kabla ya kila dozi kagua vitu vitatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana usidunge, ita daktari. Magnesiamu inatoka kwa figo, mkojo ukikata inajazana mwilini, kinachoondoka kwanza ni refleksi ya goti, kisha pumzi, mwisho moyo. Dawa yake ni kalsiamu glukoneti gramu 1, yani mililita 10 za asilimia 10, taratibu kwenye mshipa. Iwe pale pale kitandani. Fildi moja niliyopita ilikuwa kwenye kabati lililofungwa na mwenye ufunguo kaenda kula, hatukuihitaji siku ile ila jasho lilinitoka.

Goti jizoeze kwa rumeti wako, akae miguu ining'inie, mpigie stori asikaze, gonga chini kidogo ya kifuniko cha goti. Kama hamna nyundo ukingo wa kiganja unatosha. Gonga magoti ishirini hivi bwenini, ili mara yako ya kwanza isiwe saa nane usiku kwa mama mwenye presha 170.