Kukadiria gharama za maua ya harusi mnayoyafunga nyumbani

Familia ya Unguja au Pemba inayotaka kufunga maua ya harusi yake yenyewe ihesabu kwanza watu, ndipo iende sokoni. Andika nani atabeba shada na nani atavaa kikuba, yaani kishada kidogo cha asumini, mkadi na mrehani (maua na majani ya kunukia), kisha funga shada moja la majaribio na uhesabu mashina yaliyoingia, kwa sababu makadirio ya macho aghalabu huwa madogo.

Tuseme shada la bi harusi linachukua mawaridi 20, na wasindikizaji wake 4 wanachukua 8 kila mmoja. Jumla ni 52. Ongeza moja kwa kila matano, kwa ajili ya yatakayovunjika safarini au kunyauka kwa joto, utafika 62. Hapa ndipo penye pesa: mawaridi yenye mashina marefu, ambayo kwa kawaida huletwa kutoka bara, huuzwa kwa mafungu, na fungu likiwa na 20 utalazimika kununua manne kwa sababu ya maua 2 tu. Punguza hayo mawili, ujaze nafasi kwa mrehani, na mafungu matatu yatatosha. Juu ya bei hiyo weka uchukuzi wa boti, utepe, uzi, pini na ndoo za maji, ambazo zinaweza kuazimwa. Ndoo zikae kivulini, mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwani hewa ya matunda hayo huharakisha kunyauka kwa maua.

Asumini ina hesabu yake. Huchumwa alasiri ikiwa tumba, huchanua usiku, na kesho yake huanza kugeuka rangi. Kwa hiyo haiwezi kununuliwa mapema ili kukwepa bei ya siku yenyewe, na gharama yake kubwa ni mikono ya kuitunga. Kikuba kimoja kikichukua dakika 5, vikuba 60 ni saa 5 kwa mtu mmoja, lakini ni saa 1 na dakika 40 kwa watu watatu. Nunua kipimo kimoja cha muuzaji siku chache kabla, uhesabu matumba yaliyomo, ndipo utajua vipimo vingapi vinahitajika. Mrehani na mkadi huenda ukapewa na majirani. Waombe mapema, na anayeviuza mlipe haki yake.

Fedha ikipungua, napendekeza mpunguze mawaridi na si vikuba, kwa kuwa harufu ya asumini, mkadi na mrehani ndiyo inayomjulisha mgeni wa kwetu kwamba ameingia nyumba ya harusi. Wakitunga ndugu, andikeni chai na chakula chao katika hesabu. Akikodiwa mtungaji, patana naye bei kwa kila kikuba badala ya ujira wa siku, na mwelewane kabla ya siku hiyo ni nani atakayelipia asumini ikiwa mvua ya masika itafanya iadimike.