Presha ya Matairi Kabla ya Kuteremka Kisumu

Ukisimama kujaza upepo Nakuru, kijana wa pampu atakuuliza, “Niweke ngapi, mkubwa?” Wengi wetu hujibu thelathini na tano, basi. Lakini namba ya gari lako imeandikwa kwenye gari lako. Usiku wa kuamkia safari, fungua mlango wa dereva umulike nguzo yake kwa tochi ya simu, utaona stika. Magari mengi huku yametoka Japani, kwa hiyo maandishi huenda ni ya Kijapani, ila tarakimu zinasomeka. Ukiona 230, hizo ni kilopaskali, sawa na 33 hivi kwa PSI, kipimo cha presha kinachotumika kwenye pampu. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usijaze kwa kuifuata hiyo.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari, au likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi. Hapa ndipo mimi nilipokosea. Nilisimama Ahero jua la mchana likiwaka, geji ikasoma 38 badala ya 33, nikakubali upepo upunguzwe. Kulipopambazuka Kisumu, gari limelala chini ya mwembe, geji ilisoma 28, na siku hiyo nilikuwa nambeba mama na watoto. Tairi likikimbia hupata moto na presha hupanda. Waliotengeneza gari walilijua hilo. Usiutoe upepo huo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, joto linazidi, na likiwa limebeba mzigo mzito ndipo hupasuka.

Watu huniuliza kuhusu mwinuko. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130. Ukiteremka, hewa ya nje huwa nzito zaidi, na geji hushuka kama PSI moja. Lakini Kisumu kuna joto, na kila nyuzi sita za Selsiasi huongeza kama PSI moja, kwa hiyo mambo hayo mawili karibu yanafutana. Usihangaike nayo.

Mzigo ndio wa kuhangaikia. Watu watano na gunia la viazi vya Molo si sawa na wewe peke yako ukienda kazini. Ikiwa stika ina namba ya gari lililojaa, ifuate hiyo.

Spea nayo ipimwe. Ile nyembamba ya muda kwa kawaida hutaka 420, yaani PSI 60, na usiizidishe kilomita 80 kwa saa.

Ukimaliza, dondosha maji ya sabuni kwenye kila valvu. Ukiona povu, mwone fundi wa pancha kabla hujapakia. Kisha rudisha vifuniko vyote, maana vumbi la marram likiingia humo valvu haifungi vizuri.