Jedwali la mistari na safuwima katika Python, hatua kwa hatua

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi ambaye alibadilisha namba moja kwenye jedwali lake, na safuwima nzima ikabadilika. Msimbo wake haukutoa kosa lolote. Ukijua kilichotokea pale, orodha za pande mbili hazitakusumbua tena.

Hatua ya 1: Andika jedwali

```
alama = [
    [62, 71, 55],
    [48, 90, 66],
]
```

Hii ni orodha iliyobeba orodha nyingine. Kila orodha ya ndani ni mstari mmoja.

Hatua ya 2: Chukua thamani moja

`alama[1][2]` ni 66. Mstari hutangulia, safuwima hufuata, na hesabu huanzia 0. Usiziite faharasa zako (namba za nafasi) x na y: kwenye grafu x huenda kulia, yaani ni safuwima, kwa hiyo utazigeuza bila kujua. Mimi hutumia `m` na `s`.

Hatua ya 3: Unda jedwali lenye sifuri tupu

Hapa ndipo watu hukesha. Karibu kila anayeanza huandika hivi:

```
jedwali = [[0] * 3] * 4
jedwali[0][1] = 7
print(jedwali)
```

Unategemea 7 moja, unapata nne:

```
[[0, 7, 0], [0, 7, 0], [0, 7, 0], [0, 7, 0]]
```

Sababu ni kwamba `* 4` haitengenezi mistari minne. Inarudia rejeleo la mstari uleule mara nne, kama milango minne ya chumba kimoja. Hakikisha mwenyewe: `jedwali[0] is jedwali[3]` hurudisha `True`.

Andika hivi:

```
jedwali = [[0] * 3 for m in range(4)]
```

Sasa `[0] * 3` inatekelezwa upya kila mzunguko, na kila mstari unajitegemea. Utauliza: mbona `* 3` ya ndani haina madhara? Kwa sababu namba haibadiliki ndani yake; ukiandika 7 unaiondoa 0 na kuweka nyingine mahali pake. Ila ukiweka orodha badala ya 0, kwa mfano `[[]] * 3`, tatizo linarudi palepale.

Tatizo hilohilo hujificha kwenye kunakili. `b = jedwali` hainakili chochote. `b = jedwali[:]` na `jedwali.copy()` hunakili orodha ya nje tu, mistari ya ndani inabaki ya pamoja. Kwa jedwali la namba, tumia:

```
b = [mstari[:] for mstari in jedwali]
```

Kama kuna viwango vitatu au zaidi, tumia `deepcopy` iliyo kwenye moduli ya `copy`.

Wapo watakaokuambia ukimbilie NumPy. Ni zana nzuri sana kwa hesabu nzito, lakini ningependa uelewe kwanza marejeleo, maana utakutana nayo kila mahali katika Python.

Hatua ya 4: Pitia jedwali

```
for m, mstari in enumerate(jedwali):
    for s, thamani in enumerate(mstari):
        print(m, s, thamani)
```

Kama huhitaji faharasa, ondoa `enumerate`. `range(len(...))` usiitumie.

Hatua ya 5: Kagua mipaka kabla ya kugusa jirani

Katika michezo ya ubao utataka kisanduku cha juu, `jedwali[m - 1][s]`. Ukiwa mstari wa 0, faharasa inakuwa -1, na Python haikatai: inakupa mstari wa mwisho. Ukivuka upande wa chini utapata `IndexError`, na hiyo ni nafuu kwa sababu unaiona. Kwa hiyo kagua pande zote, `m` na `s` hapa zikiwa faharasa za jirani mwenyewe:

```
if 0 <= m < len(jedwali) and 0 <= s < len(jedwali[m]):
```

Acha `0 <=` ibaki mwanzoni. Usipoiweka, `len(jedwali[m])` yenyewe itapima mstari wa upande wa pili wa ubao.