Kanisa la familia Ujerumani: amueni kabla ya kuandikisha anwani

Familia nyingi zikihamia Ujerumani hutafuta nyumba, shule na daktari kwanza. Kanisa huja baadaye. Kwa nchi hii huko ni kuchelewa. Ndani ya wiki mbili tangu uingie kwenye nyumba unatakiwa kuandikisha anwani manispaa, na fomu ile ina swali la dini.

Ukijibu Mkatoliki au Mlutheri, jibu linafika ofisi ya kodi. Kodi ya kanisa ni asilimia 8 ya kodi ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Haipigwi kwenye mshahara wenyewe: anayelipa kodi ya mapato ya euro 300 kwa mwezi atakatwa euro 27 penye asilimia 9. Wengi hushtuka wakiiona kwenye hati ya mshahara, na wenyeji wao huwaambia, "Jitoe tu kanisani." Msikimbilie hilo. Kujitoa ni tamko rasmi la kisheria, na kwa Wakatoliki maaskofu wa Ujerumani walitoa amri mwaka 2012 kwamba aliyejitoa hapokei Ekaristi wala hawi msimamizi wa ubatizo. Mtoto wako atapata komunio ya kwanza, nawe utabaki umekaa kwenye benchi. Kuandika "sina dini" ilhali mnasali kila Jumapili ni kubaya zaidi, kwani ni kuikana imani yenu mbele ya karani.

Makanisa mengi ya Kipentekoste na Kibaptisti hayatozi kodi hii. Yanategemea sadaka na fungu la kumi. Huko nako muwe macho. Mchungaji anayewahimiza waumini wakope benki ili watoe, mwondokeeni mapema.

Swali linalowasumbua wazazi zaidi ni hili: twende ibada ya Kiswahili au kanisa la mtaani? Ibada ya Kiswahili inatia moyo, na pilau baada ya ibada huponya upweke. Lakini mara nyingi ni mara moja kwa mwezi, tena mji mwingine. Kwa maoni yangu familia yenye watoto iwe na makao kanisa la karibu, ambako mtoto anaweza kwenda mwenyewe kwa baiskeli na kukutana na wanafunzi wenzake. Mafundisho ya komunio ya kwanza kwa kawaida huwa darasa la tatu, na kipaimara cha Walutheri karibu na miaka 14, baada ya mafundisho ya mwaka mmoja au zaidi. Mtoto anayehudhuria mara moja kwa mwezi, kilomita mia kutoka nyumbani, atayafuataje?

Ibada itawaonekea fupi na kimya: kama saa moja, bila vigelegele wala mnada wa mavuno. Msiuchukulie ukimya ule kuwa ni kukataliwa. Bakini kwenye kahawa baada ya ibada, maana hapo ndipo watu hufahamiana. Walutheri na Wamoravian, ulizeni pia ofisi ya usharika kama wana ushirika na dayosisi au jimbo la Tanzania. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na Wamoravian wa Herrnhut, mji mwingine wa Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891. Uhusiano huo bado uko hai, na huenda mkakuta mzee wa kanisa aliyewahi kulala Machame.

Kiswahili nacho kilindwe nyumbani. Sala ya jioni, zaburi moja, pambio moja, na watoto wapokezane kuongoza. Mtoto anayejua Baba Yetu kwa Kijerumani peke yake atasalije na bibi yake likizoni? Familia mbili tatu zilizo jirani zinaweza kukutana Jumamosi kama jumuiya za nyumbani, kila mara kwa mwenzao.

Ikiwa baba ni Mlutheri na mama ni Mkatoliki, pataneni kabla mtoto hajaanza shule, kwa sababu katika majimbo mengi somo la dini hugawanywa kwa madhehebu. Sheria ya Ujerumani pia haimruhusu mzazi kumbadilishia dini mtoto aliyefikisha miaka 12 bila ridhaa yake, na akifika 14 anajiamulia mwenyewe. Kwa hiyo mkitaka kuhama dhehebu, mkalisheni chini mtoto naye asikilizwe.