Somo la wokovu kwa vijana: anza na mtu mwema

Somo la wokovu likifika, viongozi wengi wa vijana hukimbilia mwana mpotevu au mnyang'anyi msalabani. Mimi siku hizi huanza na Kornelio, yule mtu mwema wa kitabu cha Matendo. Kijana aliyekulia kanisani, anayeimba kwaya na kuwaheshimu wazazi, akisikia habari za mwizi aliyeokoka husema amina, kisha huona hayamhusu.

Gawa vikaratasi kwanza. Waandike, bila majina: Je, mtu mwema anahitaji kuokolewa? Kwa nini? Kusanya, changanya, soma yote kwa sauti, na usisahihishe hata kimoja. Ukilirukia jibu la kwanza kwa aya ya Biblia, wengine wataandika unachotaka kusikia, na somo limekufa hapo.

Sasa fungueni Matendo 10. Kornelio ni akida wa Kirumi pale Kaisaria, mcha Mungu, mtu wa sala, mkarimu kwa maskini. Someni hadi aya ya 6, mfunge Biblia. Uliza: kama sala na sadaka zake zimefika mbele za Mungu, Petro anaitwa kufanya nini? Nyamaza. Kimya kitakutesa wewe kuliko wao, vumilia.

Wakishabishana vya kutosha, wapeleke 11:14: Petro anakuja na maneno ambayo kwa hayo Kornelio ataokolewa. Shika pande zote mbili hapa. Mungu hakuudharau wema wake. Wala wema huo haukumwokoa. Ukiacha la kwanza, vijana watadhani Mungu anachukia ukarimu. Ukiacha la pili, msalaba unakuwa pambo. Kisha mmoja asome mahubiri ya Petro, 10:34-43, wengine wasikilize yanamzungumzia nani. Sadaka za Kornelio hazitajwi. Ni Yesu, kifo chake, kufufuka kwake na ondoleo la dhambi kwa kila amwaminiye.

Jiandae kwa swali hili: "Bibi yangu hakuokoka, lakini alikuwa mwema kuliko wazee wa kanisa. Yuko wapi?" Usijigeuze hakimu, wala usipoze Injili ili kumfariji. Mimi husoma Mwanzo 18:25, Ibrahimu akisema Mhukumu wa ulimwengu wote hatakosa kutenda haki, kisha namtafuta kijana huyo baadaye. Mara nyingi nyuma ya swali kuna msiba, na msiba haujibiwi mbele ya kundi.

Malizia na Waefeso 2:8-10. Wengi huishia aya ya 9, nami sielewi kwa nini, maana ya 10 ndiyo inayoeleza matendo mema yanakaa wapi: yanafuata wokovu, hayaununui.

Sipendi kuwaita mbele siku hiyo. Wenzao wakiinuka, nao huinuka. Omba kwa ufupi, mwachie kiongozi mwenzako wanaoondoka, wewe baki kitini. Mwenye jambo atakuja.