Kufundisha Kiingereza ughaibuni: tazama viza kabla ya kulipia cheti

Kama umetoka Tanga na sasa unaishi Muscat, Leeds au Guangzhou, na unataka kufanya kazi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, usikimbilie kulipia kozi. Anza na pasipoti yako. Korea Kusini, kwa kawaida, hutoa viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mwenye pasipoti ya Tanzania hasaidiwi hapo na cheti chochote.

Japani ni hesabu. Viza ya kufundisha lugha katika shule za kawaida hudai uwe umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali pale Ngamiani alisomeshwa kwa Kiswahili. Kusomeshwa kwa Kiingereza kulianza kidato cha 1. Miaka 6 ya sekondari na 3 ya chuo kikuu ni 9, pungufu ya 3. Jirani yake aliyeanza darasa la kwanza katika mchepuo wa Kiingereza anapita bila tabu, ingawa shahada zao ni za chuo kimoja. Aliyepungukiwa aelekee shule binafsi za lugha, ambazo huajiri kwa viza ya aina nyingine inayotazama zaidi shahada.

Na shahada yenyewe usiidharau. Nchi nyingi za Asia na Ghuba huitaka kwa ajili ya kibali cha kazi, hata kama si ya ualimu.

Ukishajua unakwenda wapi, ndipo uchague cheti. Vinavyoheshimiwa zaidi ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London. CELTA ina saa zisizopungua 120 na wakufunzi, kazi nne za kuandika, na saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi akikutazama. Saa hizo 6 ndizo unazolipia. Kozi za bei chee za mtandaoni nazo hujiandika "saa 120", lakini nyingi hazina mazoezi ya darasani, na shule za lugha za Uingereza zenye ithibati ya British Council huwataka walimu wawe wamefundisha chini ya uangalizi. Watu wengi wa kwetu wamepoteza fedha hapo, na inauma.

Ukisoma kwa kutwa, kozi huchukua wiki 4 au 5. Omba likizo kazini: anayetoka zamu ya usiku na kuandaa somo la asubuhi huanguka, tena si kwa kukosa akili. Kabla ya usaili wa kujiunga, rudia sarufi, hasa nyakati za vitenzi, maana utaulizwa ueleze tofauti, si kuzitumia tu. Hapa aliyejifunza Kiingereza darasani ana faida kubwa. Sheria anazijua kwa majina yake.

Nyaraka za nyumbani zishughulikie mapema. Kosa la kawaida ni majina: cheti cha NECTA kinasema Mwanahamisi, pasipoti inasema Mwanahamis, na faili linakwama. Mwone wakili uandae hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina ikidaiwa. Ukimtuma ndugu aliyeko Tanga, mwandikie hati ya uwakilishi, na uulize ubalozi wa nchi unayokwenda utaratibu wa mihuri kabla hajapanda basi la Dar es Salaam.

Kuhusu kipato, soma mkataba. Shule nyingi za lugha hulipa saa za darasani pekee. Kuandaa somo na kusahihisha ni juu yako. Uliza umehakikishiwa saa ngapi kwa wiki. Uingereza, mlango rahisi kwa mwalimu mpya ni shule za kiangazi za Julai na Agosti. Omba tangu majira ya kuchipua. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi huko haruhusiwi kujiajiri, kwa hiyo kufundisha mtandaoni kwa kujitegemea kunaweza kuiponza viza yake.

Wanaofikiria kurudi Tanga wajue pia kwamba CELTA haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa shule. Huko inatakiwa stashahada au shahada ya ualimu. Cheti hiki kitakufaa zaidi kwa madarasa ya jioni ya watu wazima.